Siku Niliyonaswa Kwenye Shemine

Riziki wangu,

Uko kwa Mama Zaina unasukwa nywele, na ninavyoijua mikono yake na mdomo wake, hutarudi kabla jua halijashuka. Karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari lako la zamani la shule ya uuguzi. Usinikasirikie, upande mmoja ulikuwa mtupu. Mambo ya chumvi, sabuni na chandarua sitayaandika. Mfuko wako umeufunga vizuri kuliko ambavyo ningeufunga mimi.

Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema Jumatatu uliporudi kutoka Wamaza kuona kazi yako mpya. Ulikuwa unakula sombe ya majani ya muhogo, ukasema hivi hivi tu, kama mtu anayetaja hali ya njia: "Nyumba ya muuguzi iko muzuri, mama. Ya matofali ya zamani. Shida ni shemine tu, inavuja. Siku moja nitapanda niitengeneze." Mimi nikainuka nikaenda kuosha sahani ambayo ilikuwa safi. Ukaniuliza nina nini, nikakujibu kwamba moshi umeniingia machoni. Siku hiyo hatukuwa tumewasha moto, Riziki. Sijui kama uliliona hilo.

Niliogopa Wamaza, mahali tulipopakimbia nikiwa nimekubeba mgongoni. Niliogopa paa. Lakini zaidi niliogopa kwamba ukishakaa ndani ya nyumba yako mwenyewe, chini ya shemine yako mwenyewe, bomba la moshi kama hili letu, utaanza kuikumbuka kwa akili ya mtu mzima ile siku ya hapa, ulipokuwa na miaka saba, na mimi sitakuwepo kusema upande wangu. Vipande unavijua. Leo nitakupa yote, hata yale ambayo Mama Zaina amenifichia miaka yote hii kwa wema wake.

Nianze na mlango.

Tulipofika Kasongo ulikuwa na miaka minne. Nyumba hii alituachia baba mkubwa wa baba yako. Ilijengwa zamani na mtu wa pamba, wakati wa Wabelgiji, ndiyo maana jiko liko ndani na lina shemine ya matofali inayotoboa paa. Watu wa mtaa walituonea wivu kidogo. Mimi sikuona jiko wala matofali. Niliona mlango wa mbao nzito wenye komeo la chuma, na madirisha yenye nondo, nikasema moyoni: hapa ndipo mahali.

Wamaza, siku ile ya kukimbia, jirani yetu alifungua mlango kwa sababu alisikia sauti ya shemeji yake ikimwita. Ilikuwa kweli sauti ya shemeji yake. Lakini nyuma ya shemeji walisimama watu wenye bunduki waliomlazimisha aite. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye mihogo, mkono wangu juu ya mdomo wako, nikasikia jinsi ile sauti ilivyoita kwa upole. Tangu siku hiyo sikuamini sauti ya mtu yeyote, hata yangu.

Kwa hiyo nikakufundisha. Nilikuambia: nikitoka, funga. Asiingie mtu. Hata mtu akiita kwa sauti yangu, usifungue mpaka uone uso wangu dirishani. Na tulifanya mazoezi. Nilikuwa natoka nje, nasimama pembeni mahali usiponiona, naita: "Riziki, mama, fungula, nimekuletea ndizi." Ulinyamaza. Nilibembeleza, nilijifanya nalia, na wewe ulinyamaza. Kisha nilijitokeza dirishani, ukafungua, nikakupa kipande cha muwa na kukusifu. Ulikuwa mwanafunzi hodari. Nilikusifu mtoto wangu kwa kutonijibu.

Sasa kuku. Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu. Siku moja hakurudi, na mimi bila kuuliza mtu nikasimama kwenye ua nikapaza sauti, mtaa mzima usikie, kwamba kuna watu wanaosali mara tano kwa siku na bado mikono yao haitulii. Nilikuwa namsema jirani yetu Mama Zaina. Hakuwa amenikosea kitu. Ni yeye aliyetupa mkeka wa kwanza tulipofika. Nadhani nilimchagua kwa sababu alikuwa karibu, na mtu mwenye hofu humpiga aliye karibu. Mama Zaina alinitazama, akaingia kwake, akafunga pazia.

Siku mbili baadaye wewe na mimi tulienda chooni asubuhi, ukachungulia ndani ya tundu, ukasema, "Mama, kuku yetu ile pale." Alikuwa ameanguka mwenyewe. Nilikushika bega nikakuambia ukimwambia mtu yeyote nitakuchapa. Nilipaswa kwenda kwa Mama Zaina saa ile ile. Nilisema nitaenda kesho. Zikapita wiki, na kadiri zilivyopita ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito, hadi nikaacha kupita mbele ya nyumba yake. Nilizungukia nyuma ya shule kwenda sokoni. Nyumba yangu mwenyewe ikabaki na njia moja tu ya kutokea, na ile nyingine niliifunga mwenyewe.

Wakati huo huo shemine ilianza kuvuja. Mvua ikinyesha, maji yalishuka ukutani meusi kama wino, yakaingia jikoni, yakafika mpaka kwenye gunia la unga. Baba yako alikuwa machimboni Lusangi anatafuta dhahabu, na kila aliyetoka huko alileta salamu ile ile: anakuja. Mume wa Mama Zaina, ambaye ni fundi wa kujenga, alisimama siku moja kwenye ukingo wa ua wetu akiwa na ndoo yake ya kazi. Alikuwa ameona maji ukutani.

"Mama Riziki," akasema, "ile shemine nitakuangalilia kesho, nikitoka kazi. Haiko kazi kubwa."

Nikamjibu, "Nyumba hii iko na mwenyewe."

Akainamisha kichwa, akaenda. Hakukasirika. Ningekubali msaada wake ningelazimika kumkaribisha, na nikimkaribisha yeye ningemkaribisha mke wake, na kuku angekaa katikati yetu. Nikaona heri nipande mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa nilikosea mfululizo, na kila kosa lilifungua mlango wa lingine.

Ilikuwa asubuhi, na mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mto Lualaba. Nilitaka kumaliza kabla ya mvua, kwa hiyo nilifanya haraka. Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri na sikutaka kuzima moto kwa ajili ya kazi niliyodhani ni ya nusu saa. Sikumwambia mtu kwamba napanda. Nilikuambia ukae ndani na ufunge, nisije nikawa juu na mtu akaingia chini. Nikakukumbusha, "Usifungulie mtu. Na yule jirani, yeye hata kidogo." Nikasikia komeo likiingia, nikaridhika.

Ngazi niliiegemeza kwenye ukuta bila kuifunga. Nilipanda na udongo wa mfinyanzi kwenye ndoo na gunia kuukuu begani. Ufa niliuona mara moja, upande wa chini wa shemine, kati ya tofali na tofali, juu ya pale maji yalipodondokea jikoni. Nikafikiri, nikijaza udongo, makombo yataanguka kwenye maharage. Na hata mvua si inaingia kwa mdomo wa shemine pia? Basi nikalikunja lile gunia, nikalisokomeza ndani ya mdomo wa shemine, nikalisukuma chini kwa mkono mpaka bega. Niliziba njia ya moshi, Riziki, na moto unawaka chini, na mtoto wangu amejifungia ndani. Niliona nimefanya jambo la akili.

Nikageuka kuchukua ndoo. Mguu uligusa ngazi, ngazi ikateleza, nikaisikia ikianguka kwenye matope. Nikashtuka nikarudi nyuma hatua moja, nikakanyaga bati katikati, karibu kabisa na shemine, mahali ambapo maji ya miaka yote yalikuwa yameshalila. Likafunguka. Mguu wa kushoto ukazama mpaka kwenye paja.

Umewahi kuuona mgono wa kuvulia samaki, ule wa matete: samaki huingia kwa urahisi, lakini akitaka kutoka ncha zote humwelekea. Ndivyo bati lilivyonishika. Kingo zake zilikuwa zimejikunja kuelekea chini, na kila nilipovuta mguu ziliingia kwenye nyama. Upande mmoja bati, upande mwingine matofali ya shemine. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilikaa pale nimetanua mguu mmoja juu ya paa kama mtu aliyepanda punda vibaya, na nikaona aibu kabla sijaona maumivu. Niliangalia kwanza kama kuna mtu ananiona.

Hakukuwa na mtu karibu. Niliona mtaa wote, njia ya soko, baiskeli zikipita mbali na mizigo ya makala, makaa ya kupikia, watu wakikimbia kuanua nguo kwa sababu ya mvua. Nikafikiri nitaita. Kisha nikafikiri, nani? Watu wote niliokuwa nawafahamu nilikuwa nimeshawafungia mlango. Nikasema nitavumilia, nitautoa mwenyewe polepole.

Mvua ikaja. Unajua inavyopiga mabati, mtu hasikii hata mawazo yake. Sijui nilikaa muda gani. Damu ilichuruzika pamoja na maji. Halafu nikahisi kitu cha joto kwenye mguu ule ulioning'inia ndani, juu ya dari ya matete. Nikatazama kando ya goti langu, moshi ulikuwa unatoka kwenye tundu. Nikatazama ukingo wa paa, ulikuwa unatoka kotekote, mzito, wa rangi ya maziwa machafu, unatambaa chini ya mvua. Na chini yangu, Riziki, nikakusikia unakohoa.

Hapo ndipo nilipoita. Niliita mpaka koo likachanika. Kwanza niliingiza mkono wangu kwenye mdomo wa shemine kulitafuta gunia, lakini kwa jinsi nilivyonaswa vidole havikulifikia. Nililigusa nyuzi tu. Nilivuta mguu mpaka nikaona weusi machoni. Kisha nikapiga kelele kupitia tundu la bati: "Riziki! Fungula mulango! Toka inje!"

Ukanyamaza. Nilijua kwa nini umenyamaza. Nilikuwa nimekupa muwa mwingi sana kwa ajili ya kimya hicho.

Aliyeuona moshi ni Mama Zaina. Alitoka kwake na kitenge kichwani, akavuka ua wetu bila kukaribishwa, akagonga.

"Riziki! Fungula, mama, moshi iko mingi!"

Sauti yako ikaja ndogo kabisa. "Mama alikataza."

"Mama yako iko wapi?"

"Alitoka."

"Niko huku juu!" nikalia. "Mama Zaina! Niko juu!"

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua uso, maji yakamshukia machoni. Sitasahau jinsi alivyonitazama. Hakuuliza nafanya nini pale. Aliusukuma mlango kwa bega mara mbili, mara tatu. Mlango ule niliupenda mwenyewe kwa uzito wake. Akakimbilia dirishani, nondo. Akarudi.

"Mwambie afungule! Mwambie weye!"

"Riziki, ni miye! Ni mama yako! Fungula!"

Kikohozi. Kisha ukasema maneno haya, ninayasikia hata sasa ninapoandika: "Mama haikae juu ya nyumba."

"Leo niko juu ya nyumba! Nimenaswa!"

Ukakohoa tena kwa muda mrefu. Nikafikiri hutasema tena. Halafu: "Kama uko mama, sema kuku yetu iko wapi."

Mama Zaina alikuwa amesimama chini yangu, kiganja kwenye mlango, akinitazama. Nakiri kwako, mwanangu, jambo ambalo sijamkiri padri: nilisita. Haikuzidi pumzi moja. Lakini mtoto wangu alikuwa anakosa hewa na mimi nikatafuta kama kuna jibu jingine. Ukitaka kujua kiburi kinafanana na nini, ni ile pumzi moja.

Nikapaza sauti: "Iko ndani ya choo! Ilianguka yenyewe mu choo yetu! Tuliiona sisi wawili, miye na weye, na nilikukataza kusema! Mama Zaina hakuiba kitu!"

Komeo likalia.

Mama Zaina alikuchukua kwa mkono mmoja kama mtu anayenyanyua kitambaa kilichoanguka, akakuweka chini ya mti wa mpapai kwenye mvua, akarudi ndani akiwa amejifunga kitenge puani. Akabeba sufuria ya maharage akaimwaga yote juu ya moto. Nilisikia moto ulivyolia, fyuuu. Akatoka anapepesuka, akakukagua macho, akakupiga mgongo mpaka ukatapika, ukaanza kulia kwa sauti. Mimi juu nikalia pia, nikamshukuru Mungu kwa kilio chako.

Kisha akaisimamisha ngazi, akapanda mpaka kichwa chake kikafika kwenye ukingo wa bati. Tukatazamana kwa usawa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikafungua mdomo niombe msamaha.

"Ile kuku," akasema, "ilikuwa mifupa tupu. Hata kuiba, singeiba ile."

Akashuka kwenda kumwita mume wake.

Baba Zaina alikuja na mkasi wa kukatia bati. Alifunga kamba kiunoni mwake, akaitupa upande wa pili wa paa akaifunga kwenye nguzo ya baraza, akalaza ngazi yake juu ya mabati ili uzito wake usikae mahali pamoja. Hata kwa haraka ile, na mimi nalia, hakuruka hatua. Alilikata bati kuzunguka mguu wangu kidogo kidogo. Aliniongelesha wakati wote, habari za matofali, habari za mchanga gani mzuri, mpaka nikawa huru. Kovu unalijua, wewe ndiye uliyelifunga bandeji za mazoezi ulipoanza kujifunza kazi yako.

Aliisubiri mvua ikatike siku tatu, ndipo akarudi kuitengeneza shemine. Mimi nililazwa kwenye mkeka uani, mbele ya mlango uliokuwa wazi, mguu juu ya mto, sina pa kwenda, kwa hiyo niliona kila kitu. Kwanza aliingiza mkono kwenye majivu kuhakikisha ni baridi. Alilitoa gunia langu bila kusema neno. Alichukua mwanzi mrefu, akafunga majani makavu kwenye ncha, akasugua masizi yote kutoka juu, yakashuka ndoo mbili. Aliponiona nashangaa akasema, "Hii masizi siku moja ingewaka yenyewe, Mama Riziki. Na ile dari iko ya matete."

Nilimwonyesha ufa wangu niliotaka kuuziba. Akatikisa kichwa. "Maji haiingie pale unaona tone. Inaingia juu, inatembea na mbao, inaangukia penye inapenda." Akapanda akikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini ya misumari kuna mbao. Kumbe tatizo lilikuwa upande wa juu, mahali bati linapokutana na shemine; zamani palikuwa na bati jembamba lililokunjwa likakumbatia matofali, nalo lilikuwa limeoza. Alikata jipya kutoka kwenye pipa. Upande wa juu akaliingiza chini ya mabati, upande wa chini akaliacha lipande juu yake, ili maji yakishuka yasipate mahali pa kuingilia. Alikwangua viungo vya matofali kwa kina cha nusu kidole, akavijaza simenti na mchanga. Mdomo wa juu hakuuziba. Alijenga miguu minne mifupi ya tofali, akalaza kifuniko, mvua isiingie na moshi utoke pembeni. Mwisho akawasha majani mabichi jikoni, akapanda juu ya dari na kutazama kama kuna moshi unaopenya ufa wowote. Akaupata mmoja. Akauziba. Akawasha tena.

Nimeandika hivi kwa urefu si ili upande, Riziki. Wamaza hakukosi fundi. Mwite, hata kama hujazoeana naye, hata kama unaona aibu kuomba kitu siku zako za kwanza. Wewe kazi yako iwe kuhakikisha moto umezimwa na kushika ngazi. Na mpaka siku hiyo usilale na moto wala makala ndani ya nyumba ile. Wewe muuguzi unajua kuliko mimi moshi unavyomchukua mtu bila kumwamsha.

Ningependa hadithi iishie hapo, mama yako amejifunza, majirani wamepatana. Watu wa mtaa huisimulia hivyo. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza unalijua, ila hujui lilinifanya nini. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, tulikuwa tunamenya karanga barazani. Nikawa nasimulia habari ya kuku nikicheka, jinsi ulivyokuwa na akili ya kuniuliza swali. Ukasema bila kuinua uso, "Mama, nilijua ni weye. Toka mara ya kwanza." Nikauliza, sasa kwa nini hukufungua? Ukaendelea kumenya. "Nilifikiri unanijaribu. Nilikuogopa weye kuliko moshi."

Kisha ukaniuliza kama karanga zinatosha. Nikasema zinatosha. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikaona kwamba kumbe mimi niliyenaswa juu ya paa nilikuwa nimeshakunasa wewe chini miaka mitatu kabla ya bati kufunguka. Watu wenye bunduki hawakufika nyumba hii hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa humo.

Ungedhani baada ya kusikia hayo nitakuachia. Hapa ndipo penye jambo la pili, na hili hulijui.

Miaka miwili iliyopita, ulipopata nafasi ya kwenda kufanya kazi Kindu, ulifunga mfuko kama ulivyoufunga leo. Siku nne kabla ya safari mguu wangu ulianza kuuma, nikalala, sikuweza hata kufika chooni bila bega lako. Ulinikanda kwa maji ya moto. Ulikaa wiki tatu ukinitazama, kisha ukaufungua mfuko, ukarudisha nguo kwenye kamba, moja moja. Nafasi ikapewa mtu mwingine.

Mguu haukuwa unauma, Riziki.

Ulipokuwa unatoka kwenda kuteka maji nilikuwa naamka na kutembea ndani ya nyumba, napanga vyombo, narudi kitandani nikisikia hatua zako. Siku moja Mama Zaina aliingia bila hodi akanikuta nimesimama natwanga sombe. Aliangalia mguu, akaangalia mchi. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Umemufunga tena mutoto." Akageuka akaenda. Hakukuambia, kwa sababu, aliniambia baadaye, ni mdomo wangu unaopaswa kusema. Amenisubiri miaka miwili. Leo amekuita usukwe nywele ili nipate nafasi, na nimeshindwa kwa mdomo, ndiyo maana ninaandika.

Sina maneno ya kupamba jambo hili. Nilikuona unakuwa mtu mzima ndani ya vyumba viwili, unaniuliza ruhusa ya kwenda mtoni, na nilifurahi. Jioni nilipofunga komeo na kujua uko ndani, nilipata usingizi. Nilinunua usingizi wangu kwa siku zako. Ukikasirika utakuwa na haki, na sitaki unisamehe kwa haraka kwa sababu mimi ni mama na barua ni ya kuagana. Kasirika kwanza. Nitakuwa hapa.

Usiku ninapofikiria Wamaza bado nasikia ile sauti ya shemeji ikiita kwa upole. Hofu haijaniacha na sidhani itaniacha. Lakini juzi, uliponieleza kuhusu akina mama wanaotembea kutwa nzima na mimba zao kukifikia kituo chako, niliuona uso wako, na haukuwa uso wa mtoto wangu aliyejifungia. Ulikuwa uso wa mtu anayefungulia wengine mlango. Sijui ulijifunza wapi. Si kwangu.

Najijua, kwa hiyo nakupa kinga dhidi yangu. Nikikupigia simu mwezi ujao nikisema naumwa, rudi, usitoke huko kabla hujampigia Mama Zaina. Yeye nimeshampa ruhusa ya kusema kweli. Akisema nimelala kweli, njoo. Akisema ananiona napepeta mchele, kaa kazini na unipigie jioni tuongee mengine.

Nasikia mnacheka kule kwa Mama Zaina, na kama unacheka hivyo maana yake kichwa kimekaribia kwisha. Mwenye pikipiki amesema saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nimeshaamka, nitakuwa nimechemsha chai. Kuna jambo moja tu sijui kama nitaliweza. Mtu akiondoka nyumbani husimama mlangoni amngoje mama yake aseme neno la kumruhusu. Kesho usimame ukipenda, lakini usiningojee. Huenda nitakushika mkono nisiuachie, huenda nitaanza habari za mvua na njia mbaya. Ukiona hivyo, panda pikipiki. Neno nimekwisha kulisema hapa, mchana, nikiwa na akili zangu zote na miguu yangu yote miwili.

Nenda, mwanangu.

Mama yako